Msichana wa Jaladani Hakupiga Kura

Chukua karibu riwaya yoyote ya watoto inayohusu wanawake wa Uingereza waliopigania haki ya kupiga kura. Mhusika mkuu ni msichana wa miaka 12 hivi, na mwaka ni 1912. Ana akili nyepesi, hapendi kushona, na ana kaka anayesomeshwa kwa gharama kubwa ingawa kichwa chake ni kizito. Siku moja mtaani anakutana na mwanamke aliyevaa ukanda wa zambarau, nyeupe na kijani, na kuanzia hapo hakaliki: anabeba barua za siri, anashuhudia dirisha likivunjwa, anamsikia Emmeline Pankhurst, kiongozi wa harakati, akihutubia. Baba anafoka, mama anaugua, vita vinazuka, kaka anafia Ufaransa. Sura ya mwisho ni 1918. Wanawake wamepata kura, msichana anatokwa na machozi ya furaha, hadithi imekwisha.

Sasa tupige hesabu. Sheria iliyopitishwa Februari 1918 iliwapa kura wanawake waliotimiza miaka 30, tena kwa sharti: mwanamke au mumewe awe na nyumba au eneo la thamani iliyotajwa na sheria, au mwanamke mwenyewe awe amehitimu chuo kikuu. Wanawake wapatao milioni 8.4 waliingia kwenye daftari. Msichana wetu, mwenye miaka 18 mwaka huo, hakuwemo. Kaka yake, lau angerudi salama, angepiga kura akiwa na miaka 21, na kwa kuwa alikwenda vitani sheria ingemruhusu hata akiwa na 19. Dada wa miaka 24 wa kiwanda cha silaha, aliyejaza baruti kwenye makombora mpaka ngozi yake ikageuka manjano, naye hakupata kitu. Msichana wetu angengoja hadi Julai 1928, sheria nyingine ilipowalinganisha wanawake na wanaume, na uchaguzi mkuu wake wa kwanza ungekuwa wa tarehe 30 Mei 1929. Angekuwa na miaka 29 hivi, pengine na mtoto mgongoni. Machozi yale ya furaha aliyamwaga miaka 11 kabla ya wakati wake.

Hesabu hii si siri. Waandishi wanaijua, na wengi huipeleka kurasa za nyuma, kwenye maelezo ya kihistoria yaliyochapwa kwa herufi ndogo ambazo mtoto hazisomi na mwalimu hana muda nazo. Uongo unaketishwa sebuleni, ukweli unapelekwa uani. Ukiuliza kwa nini, jibu utakalopewa na wahariri, wakutubi, walimu na wazazi ni moja, nami nimelisikia kwa lafudhi za kila aina: mtoto anahitaji shujaa. Samaki mkunje angali mbichi. Mpe kwanza moyo wa kuthubutu. Mizozo, makundi, sheria nusu-nusu na mengine yanayochosha atayakuta ukubwani. Kauli hii sasa imekuwa kanuni ya biashara, haihojiwi tena, na vitabu vinavyoifuata vinafika mpaka kwetu, kwenye maboksi ya vitabu vya msaada na kwenye meza za vitabu vya mitumba.

Mimi naipinga, na ugomvi wangu hauishii kwenye tarehe. Mwandishi wa riwaya ana ruhusa ya kubuni; anaweza kumleta Pankhurst kwenye mji ambao hakuwahi kukanyaga, sitamshitaki. Ninacholalamikia ni kwamba hadithi hizi zimelichukua tukio la kisiasa kuliko yote katika maisha ya bibi na mabibi wakuu wa watoto wale, zikalivua siasa, zikabakisha ujasiri. Msomaji anafunga kitabu akijua kwamba kupinga ni kuzuri na kwamba wabaya walikuwa akina baba wenye masharubu. Hajui kura ilikataliwa kwa hoja gani, ilipatikana kwa njia gani, nani aliachwa nje, na kwa nini wanawake wenyewe kwa wenyewe hawakuelewana.

Mfano unaojulikana kuliko vitabu vyote ni filamu ya Mary Poppins ya mwaka 1964. Katika vitabu vya P. L. Travers, ambavyo cha kwanza kilitoka 1934, Bi Banks hana habari na kura. Ni kampuni ya Disney iliyomvisha ukanda, ikampa wimbo, ikairudisha hadithi nyuma hadi 1910. Bi Banks anaimba na kupiga mguu sebuleni, na mumewe akikaribia nyumbani anavificha vifaa vyake vya harakati. Mwishoni ukanda wake wa kudai kura unafungwa kwenye tiara ya watoto uwe mkia, na familia nzima inaenda bustanini kuirusha. Watazamaji tunatabasamu, maana muziki ni mtamu. Lakini sijaona muhtasari bora wa jinsi burudani ya watoto ilivyoitendea harakati hii: ilipenda rangi zake, madai yake ikayafanya mkia.

Vitabu vinajitahidi zaidi ya hapo, nakubali. Hata hivyo tazama vinavyomshughulikia mwanamke aliyepinga. Katika Happy Birthday, Samantha!, kitabu cha mwaka 1987 katika ule mfululizo maarufu wa American Girl, bibi yake Samantha ni mama wa kitajiri wa mwaka 1904 anayewaona wadai kura kuwa watu wasio na adabu. Anazisikia hotuba zao bustanini jijini New York, na kabla siku haijaisha amekwisha kuwaunga mkono. Ni mandhari ya kupendeza, na mtoto wa miaka minane anaifurahia. Ila inamwambia kwamba aliyekuwa upande wa pili alikuwa hajasikia tu, akisikia, anabadilika.

Mary Ward alisikia kila kitu na hakubadilika. Alikuwa mwandishi wa riwaya aliyesomwa kuliko karibu wenzake wote wa zama zake, akachapa kwa jina la mumewe, Mrs Humphry Ward. Alikuwa mmoja wa waliosaidia kuanzisha Somerville, chuo cha wanawake pale Oxford. Mwaka 1908 akawa kiongozi wa chama cha kitaifa cha wanawake waliopinga wanawake kupewa kura ya Bunge; mwaka uliofuata chama hicho kilipeleka bungeni ombi lenye sahihi zipatazo 250,000. Gertrude Bell, yule msafiri wa Bara Arabu ambaye baadaye alisaidia kuchora mipaka ya Iraki, alikuwa miongoni mwa viongozi wake. Hoja ya Ward haikuwa kwamba wanawake ni wajinga. Alitaka waingie kwa wingi kwenye serikali za mitaa, wasimamie shule, maskini na afya. Mambo ya jeshi, manowari na himaya wawaachie wanaume waliokuwa wakiyapigania kwa miili yao. Mwanamke huyohuyo alifungua London vituo vya kucheza kwa watoto ambao mama zao walikuwa kazini baada ya saa za shule, na shule kwa watoto wenye ulemavu waliokuwa wakifichwa majumbani.

Hebu mweke mhusika wako wa miaka 12 kwenye kituo kimoja cha Bi Ward. Anapata uji, anapata mpira, anapata mahali pa joto pa kungojea mama atoke kiwandani, na anayempa haya yote anasema mama yake hastahili kuchagua mbunge. Mtoto afanye nini na mapenzi yake kwa mwanamke huyo? Hilo ni swali ambalo mtoto yeyote analielewa bila mwongozo wa mwalimu, kwa sababu kila mtoto ana shangazi anayempenda ambaye mawazo yake hayapendi. Baba mwenye masharubu hawezi kumfundisha kitu kama hicho. Baba yule unamchukia tu, kisha unageuza ukurasa.

Wanaotetea kanuni ya shujaa hunijibu kwamba watoto halisi hawakuwa na nafasi katika siasa hizo nzito, kwa hiyo mwandishi hana budi kubuni msichana jasiri na kumpitisha kwenye matukio makubwa kama mtalii. Jibu langu ni Dora Thewlis.

Dora alikuwa mfumaji katika kiwanda cha nguo huko Huddersfield, kaskazini mwa Uingereza, mtoto wa nyumba ya kisoshalisti ambako magazeti yalisomwa na kubishaniwa mezani. Kazi aliianza utotoni kwa utaratibu wa nusu siku kiwandani na nusu siku darasani. Machi 1907, akiwa na miaka 16, alipanda treni na wanawake wenzake wa kaskazini kwenda London kujaribu kuingia Bungeni kwa nguvu. Polisi wakawakamata kwa makumi. Picha ya Dora ilitoka ukurasa wa mbele wa Daily Mirror: maaskari wawili wenye miili mikubwa wamemshika mikono huku na huku, kofia haipo, nywele zimetimka, shali inamwanguka, naye kinywa kiko wazi katikati ya neno. Magazeti yakampachika jina la mtoto mchanga wa harakati, picha ikageuzwa kadi ya posta.

Hakimu alipomwona kizimbani alisema huyu ni mtoto tu, mahali pake ni shuleni, na waliomleta London waone haya. Akamweka rumande katika gereza la Holloway mpaka wazazi watakapoandikiwa. Waliandikiwa, nao wakajibu, na jibu lao ndilo ninalotaka kila mtoto anayesoma habari hizi alijue. Walimweleza hakimu, kwa heshima zote, kwamba wasichana wa rika na hali ya Dora katika sehemu zao hawako shuleni. Kwa maelfu wanafanya kazi saa kumi kwa siku katika viwanda vinavyowamaliza afya, kwa faida ya wengine, na sheria zinazoruhusu hali hiyo zimetungwa bila wanawake kuulizwa. Kwa aya moja ya barua, fundi wa kaskazini na mkewe walimweleza hakimu wa London kura ni ya nini.

Kisha kuna sehemu ambayo kanuni ya shujaa isingeivumilia. Rumande ilimvunja Dora. Wiki ile Holloway ilikuwa ya upweke na baridi kuliko alivyodhani, na alipofikishwa tena mahakamani alikubali kurudi nyumbani. Aliomba tu wasiendelee kumwita mtoto mchanga. Kabla ya Vita Vikuu alihamia Australia, akaolewa huko na kuishi maisha yake. Mwandishi mwenye kanuni mkononi angemrudisha gerezani mara tatu na kumsimamisha kwenye jukwaa la mwisho. Mimi naona wiki ile moja na aibu ya kukubali kwenda nyumbani ni kitu kikubwa zaidi kumpa msomaji wa miaka 12, ambaye naye amewahi kuanza jambo kwa kishindo kisha akaogopa.

Na kuna Opal Plumstead, riwaya ya Jacqueline Wilson ya mwaka 2014. Opal ana miaka 14 mwaka 1913. Baba yake anafungwa kwa wizi wa kazini, naye anaacha shule aliyokuwa akisoma kwa ufadhili na kwenda kiwanda cha peremende. Mwenye kiwanda, Bi Roberts, ni mpigania kura na anafahamiana na Pankhurst. Bila shaka Wilson anajua anachokifanya: bosi anayedai haki kwa wanawake wote, na kibarua wake anayelipwa kwa wiki. Hapo pana riwaya nzima. Je, Bi Roberts akipata kura, ataitumia kuongeza mishahara ya wasichana wake? Wazo langu ni kwamba hangeitumia hivyo, na mimi ningekaa hapo sura kumi kabla ya kumruhusu mtoto wa bosi aingie na mapenzi yake.

Inasemwa pia kwamba watoto wanachoka. Maombi, sahihi, mikutano, kamati, miswada iliyokwama: nani atasoma? Basi Juni 1866, Emily Davies na Elizabeth Garrett walifika Westminster Hall wakiwa wamebeba gombo la ombi la kwanza kubwa la wanawake kudai kura, lenye sahihi 1,499, wamkabidhi mbunge John Stuart Mill. Mill hakuwa amefika. Gombo lilikuwa kubwa, watu wakaanza kutazama, nao wakaona haya. Wakamwomba mama muuza matofaa awafichie. Akalisukuma chini ya meza yake ya matunda, na madai ya wanawake wa Uingereza yakakaa huko, nyuma ya matofaa, mpaka Mill alipotokea. Anayesema maombi na sahihi havina hadithi ndani yake hajatafuta.

Huko New Zealand mwaka 1893 karatasi za sahihi ziligundishwa moja baada ya nyingine mpaka zikawa utepe wa mita 270 hivi, na mbunge John Hall akauviringisha sakafuni mwa Bunge ukafunguka mpaka ukutani. Mwaka 1913 wanawake wa shirikisho la Millicent Fawcett, ambao hawakuvunja hata kioo kimoja, walitembea kwa miguu kutoka pembe zote za Uingereza kwa wiki kadhaa hadi Hyde Park, wakirushiwa mawe kwenye baadhi ya miji kwa kudhaniwa kuwa ni akina Pankhurst. Shirikisho hilo lilikuwa na wanachama zaidi ya 50,000, likikizidi chama cha Pankhurst kwa mbali. Katika riwaya za watoto limekuwa kivuli, wale mabibi wapole wanaosubirisha mambo. Kwa nini? Kwa sababu dirisha linalovunjika lina sauti. Sikatai. Ila ukichagua kioo, basi usiogope kilichofuata: Februari 1913 bomu lililipua sehemu ya nyumba iliyokuwa ikijengwa kwa ajili ya waziri Lloyd George, na vibarua walikuwa karibu kuingia kazini. Vitabu vingi husimama kwenye kioo. Vinataka msisimko wa vurugu bila kumuuliza mtoto kama vurugu ilikuwa halali.

Wenzetu wa zama zile hawakuwa na wasiwasi wa namna hii. Chama cha Pankhurst chenyewe kilitengeneza mchezo wa ubao ulioitwa Suffragetto: mchezaji mmoja ana wanawake, mwingine ana polisi; wanawake wanajaribu kuingia Bungeni huku polisi wakijaribu kuvunja mkutano wao Albert Hall, na kwenye ubao pana gereza na hospitali. Mchezo huo uliuzwa uchezwe nyumbani. Familia za wakati huo ziliona mtoto anaweza kuelewa kwamba mtu anaweza kutoka kwenye mkutano akaishia gerezani.

Nikifika kwenye wanawake waliogoma kula gerezani wakalishwa kwa nguvu, wazazi hunikatiza. Hilo ni zito mno kwa watoto. Nakubali kwamba mpira unaopitishwa puani au kooni hauhitaji kuelezwa kwa kila undani. Lakini katika mambo ya magereza yale kuna kisa ambacho mtoto aliyelelewa na Alfu Lela U Lela atakitambua mara moja, maana Harun Rashid alijigeuza vivyo hivyo ili aone raia wake wanavyotendewa. Constance Lytton, binti wa mtawala wa zamani wa India, alifungwa Newcastle mwaka 1909 akagoma kula. Madaktari wakampima, wakakuta moyo wake ni dhaifu, wakamwachia. Alijiuliza kama wangempima fundi cherehani kwa uangalifu ule. Mwanzoni mwa 1910 akakata nywele, akavaa nguo duni na miwani, akajiita Jane Warton, akakamatwa Liverpool. Safari hii hakuna aliyejishughulisha kuupima moyo wake ipasavyo. Walimlisha kwa nguvu mara kadhaa mpaka walipong'amua ni nani. Mwaka 1912 alipata kiharusi, na kitabu chake kuhusu magereza akakiandika kwa mkono wa kushoto. Unaweza kumsimulia mtoto hayo yote bila kumwonyesha mpira wenyewe, na ataelewa tabaka ni nini kuliko atakavyoelewa kwa mihadhara kumi.

Kwamba inawezekana, Sally Nicholls ameonyesha katika Things a Bright Girl Can Do ya mwaka 2017. Ana wasichana watatu badala ya mmoja: Evelyn wa familia yenye uwezo anayeutamani Oxford, May wa nyumba ya Wakwekeri wasiokubali vita kwa sababu yoyote, na Nell wa mtaa wa makabwela mashariki mwa London. Vita vinapozuka hawakubaliani, na mwandishi hamwambii msomaji nani kashinda. May na Nell wanapendana na bado njaa ya nyumbani kwa Nell haijali kanuni za May. Ni kitabu cha vijana wa makamo ya juu kidogo, najua, na wapo watakaosema kwa hiyo hakihesabiki. Mimi nasema kinaonyesha kwamba ukiweka wasichana watatu wasioelewana mahali pa mmoja aliye sahihi tangu ukurasa wa kwanza, siasa inaingia yenyewe.

Limebaki pingamizi ambalo ndilo lenye nguvu, na silichukulii kwa mzaha. Linasemwa zaidi na akina mama, na linasemwa kwa nia njema: ukimwonyesha msichana kwamba wanawake wa harakati walikuwa wabaguzi, walisalitiana, na ushindi wao ulikuwa nusu, utamkatisha tamaa, na maadui wa wanawake watachekelea.

Kwanza tuyaseme yenyewe. Machi 3, 1913, katika maandamano makubwa ya Washington, wanawake weusi waliambiwa watembee nyuma. Ida B. Wells, mwandishi wa habari aliyehatarisha maisha yake kuanika mauaji ya watu weusi yaliyofanywa na makundi ya watu, alikataa. Alisimama kandokando ya njia na watazamaji, na msafara wa jimbo lake la Illinois ulipofika akaingia katikati yake akatembea nao. Mwaka 1920 katiba ya Marekani ikakataza kumnyima mtu kura kwa sababu ya jinsia. Mwanamke mweusi wa majimbo ya kusini aliyekwenda kujiandikisha alikutana na kodi ya kura, mitihani ya kusoma na vitisho, na hali hiyo ikaendelea kwa wengi mpaka sheria ya 1965. Hadithi ya watoto inayofunga kwa shangwe za 1920 inamfungia mlango mtoto wa Alabama anayeisoma.

Wapo wa kwetu wanaosema: ya Wazungu yatuhusu nini? Turudi kwa Dora Thewlis kule Australia. Nchi hiyo ilimpokea kama mpiga kura, haki ambayo Uingereza ingemnyima hata mwaka 1918, maana angekuwa na miaka 28. Sheria iliyompa haki hiyo ni ya 1902, na sheria hiyohiyo, katika kifungu kingine, iliwatoa nje wenyeji wa asili wa Australia, Asia, Afrika na visiwa vya Pasifiki isipokuwa New Zealand. Afrika imetajwa kwa jina. Wenyeji wa Australia walingoja mpaka 1962 kuruhusiwa wote kupiga kura ya taifa. Sasa je, tumweleze mtoto kuhusu Dora lakini tumfiche kifungu?

Na Kenya. Mwaka 1917 wanawake wa walowezi waliunda East Africa Women's League, na moja ya shabaha zake ilikuwa kura kwa wanawake wa Kizungu. Wakaipata 1919, mapema kuliko wanawake wa Marekani. Ukisoma orodha za nchi na miaka zilizopo nyuma ya vitabu vya watoto unaweza kuukuta mwaka huo umekaa kama fahari. Waafrika wa Kenya, wake kwa waume, hawakuchagua wajumbe wao wa baraza la kutunga sheria mpaka 1957, tena kwa masharti ya elimu, mapato na utumishi yaliyomwacha nje mwanamke wa kawaida wa kijijini. Kura ya kila mtu mzima ilikuja na uchaguzi wa 1963. Bibi aliyezaliwa mwaka ambao mama mlowezi alipata kura alikuwa na miaka 44 siku alipoipata yeye. Ningependa riwaya ya watoto iliyowekwa katika nyumba moja ya Nairobi mwaka 1919: sebuleni mikutano na chai, jikoni yaya na binti yake wanayasikia maneno yote kuhusu haki za wanawake, na wanawake wanaotajwa si wao.

Huyo binti wa jikoni ndiye anayenifanya nilikatae lile pingamizi la kukatishwa tamaa. Wanaolisema wanamfikiria msomaji ambaye, akifungua kitabu, atajiona sebuleni. Kwa msomaji huyo habari za jikoni ni doa katika sherehe. Msomaji wa Kisumu, Tanga au Alabama anaanzia jikoni. Hadithi safi ya ushindi haimpi moyo wowote, inampita tu. Wala habari hizi hazimtishi. Anajua mama yake anapiga kura, amemwona akirudi na wino kidoleni. Anachotaka kujua ni nani waliichelewesha kura ya bibi yake, kwa hoja zipi, na ni nani kati yao waliokuwa wakizitoa huku wamevaa ukanda wa harakati.